Barua Isiyo na Nukta Nyekundu

4 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Leo nimepewa onyo la maandishi kazini, la kwanza tangu niajiriwe.

Kazi yangu unaijua. Nakaa kwenye kiti chenye gurudumu moja bovu, navaa spika masikioni, na kila mtu ambaye maji yake yamekatika ananipigia kunieleza mimi ni mtu wa namna gani. Leo mzee mmoja ameniita mjinga mara kumi na moja. Nilihesabu. Mara ya kumi na mbili nikamwambia, "Baba, mimi siyo bomba." Simu zetu zote zinarekodiwa. Msimamizi ameisikiliza ile simu mara tatu, na nina hakika mara ya tatu alikuwa anazuia kicheko, lakini onyo kaliandika hivyo hivyo.

Baadaye nikaenda chooni kunawa uso. Kwenye kioo nikamwona mtu anatetemeka mdomo, ikanichukua muda kukubali kwamba ni mimi. Nina miaka ishirini na tisa. Sikujua kama sauti ya mtu nisiyemjua inaweza kunifanya hivyo.

Mama anasema nikuandikie. Maneno yake ni haya: "Mjomba wako hajawahi kupandisha sauti tangu azaliwe, amesoma vitabu vyote, tena ni mhariri mkuu. Atakupa dawa." Halafu akauliza lile analouliza kila wiki: kibali chako cha kusafiri kimefikia wapi? Chumba cha nyuma amekwisha kukitoa cherehani na mabegi. Anasema hicho ni chako.

Ungekuwa unasikia ningekupigia simu. Pengine ni afadhali husikii, maana ningelia tu na pesa ya simu ingeisha.

Mpwa wako,
Sikio
(Kazini ndivyo wanavyoniita. Mama hapendi.)


14 Februari

Sikio,

Marahaba. Jina limenifurahisha. Mimi masikio yangu yote mawili niliyaacha kwenye mitambo ya uchapaji, kwa hiyo ni vizuri ukoo umebaki na moja linalofanya kazi.

Dawa ninayo, ila siyo yangu. Waliitengeneza Wastoa, wanafalsafa wa Ugiriki ya kale mno, waliokuwa wakifundisha wakiwa barazani, wazi, mbele ya wapita njia, na jina lao likatokana na baraza hilo. Napenda kwamba hawakujifungia. Falsafa yao ilikuwa ya mtu mwenye foleni, mwenye mwajiri, mwenye jino linalouma.

Zoezi la kwanza ni hili. Kila jambo linapokujia, liulize: liko juu yangu, au haliko juu yangu? Mdomo wa yule mzee hauko juu yako. Bomba lake haliko juu yako. Onyo la msimamizi haliko juu yako, hata kicheko chake. Kilicho juu yako ni kidogo sana, ni kile utakachofanya katika pumzi moja kabla ya kujibu. Lakini hicho kidogo ni chako chote, hakuna wa kukunyang'anya. Mtu akikuona mjinga, hayo ni mawazo yake, yako kichwani mwake. Wewe huishi humo.

Zoezi la pili ni gumu zaidi. Asubuhi walikuwa wakikaa na kuwaza hasara kabla haijafika, ili ikifika isiwakute wamelala. Natamani tulifanye kwa barua, maana mimi na wewe tunaishi kwa barua. Niandikie balaa la kubuni kana kwamba limetokea. Mimi nitakujibu kwa utulivu, kisha itakuwa zamu yangu. Ili tusitiane wazimu, barua ya zoezi iwe na nukta nyekundu pembeni juu, upande wa kulia. Mimi kalamu nyekundu ninayo. Ni chombo changu cha kazi, hata sasa nilipostaafu.

Mwambie dada kwamba kibali bado. Kiko mikononi mwa maofisa. Hilo haliko juu yangu, kwa hiyo sihangaiki nalo, naye asihangaike. Tumengoja miaka thelathini na moja, tumekuwa wataalamu.

Mjomba wako


25 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Nukta unayoiona hapo pembeni ni rangi ya kucha ya Mama. Kalamu nyekundu sina.

Nimefukuzwa kazi. Msimamizi ameniita asubuhi, kafunga mlango, kaniambia, "Wewe unajibu kama binadamu, na sisi tunatafuta huduma." Nimepewa boksi la kuwekea vitu vyangu. Vitu vyangu ni kikombe kimoja na kiti chenye gurudumu bovu ambacho hakuna mwingine anayekitaka. Nimekisukuma mpaka nyumbani. Watu wananitazama. Gurudumu linalia kama mtoto. Mwisho wa zoezi.

Sasa ya kweli: limenisaidia. Nilipomaliza kuandika nikacheka, na siku ya pili kazini niliona kumbe jambo ninaloliogopa kuliko yote lina ukubwa wa kikombe na kiti. Yule mzee amepiga tena. Safari hii nimevuta ile pumzi moja. Nikamwambia, "Nakusikia, Baba."  Akasema mke wake anaumwa na hana maji ya kumwoshea. Kumbe hilo ndilo lililokuwa chini ya mjinga zote kumi na moja.

Mama amesoma barua zetu. Amesema hivi, nakuandikia kama alivyosema: "Mbona mnafanya mazoezi ya mabaya tu? Mwambie mdogo wangu afanye zoezi la kufika."

Sikio


8 Machi

Sikio,

Zoezi lako nimelipa alama nane kwa kumi. Mbili nimezikata kwa sababu ya kiti: unachekesha ili usiumie, na hilo ni kuruka ua badala ya kupita mlangoni. Jibu langu la utulivu: kazi ulipewa, kazi imerudishwa, na wewe u yule yule. Kaa ule.

Habari za "Nakusikia, Baba" nimezisoma mara tatu. Hapo hukuwa mwanafunzi wangu tena.

Ninalo pendekezo. Nukta inatudanganya. Tukiiona tu, moyo unajua ni mchezo, unakaa sawa. Balaa la kweli haliji na nukta. Basi siku moja, usiyoniambia, niandikie zoezi bila nukta. Nataka nijijue. Nimewafundisha wengine utulivu, na sijui kama wa kwangu unafanya kazi au ni uzito wa masikio tu.

Mwambie dada kwamba zoezi la kufika si la Kistoa. Mtu hujizoeza yale anayoyaogopa.

Mjomba wako


19 Machi

Mjomba,

Haya, nitakuotea. Usije ukasema hukuonywa.

Jibu lako nimempelekea Mama. Amelisoma, akavua miwani, akasema, "Basi ndiyo maana namwambia alifanye." Akaondoka kwenda zake kununua rangi. Chumba chako kinapakwa rangi ya maziwa. Hataki fundi. Anasema fundi atapaka ukuta, yeye anapaka chumba cha mtu. Kitanda pia kimekuja, na ni kirefu mno, kwa sababu anakukumbuka ulivyokuwa na miaka ishirini na nne, siku ile ulipopanda lori. Nimemwambia watu wakizeeka wanafupika. Kasema wewe hukufupika, ungemwandikia.

Anapata kizunguzungu kidogo akipanda ngazi. Anasema ni harufu ya rangi.

Sikio


22 Aprili

Mjomba,

Mama ameanguka.

Ilikuwa juzi asubuhi, ngazi ya tatu kutoka chini, anapandisha ndoo ya rangi. Mimi nilikuwa ndani navaa viatu. Nilisikia ndoo kwanza.

Ni kiharusi. Upande wa kulia wote umelala. Hazungumzi. Anatoa sauti moja tu, ile ile, na macho yake yanajua anachotaka kusema, na hilo ndilo linalonitisha. Daktari alinivuta hadi koridoni akaniambia damu bado inavuja kichwani: wiki mbili, labda tatu, labda kesho. Alisema kama kuna wa kuitwa, aitwe.

Wa kuitwa ni wewe. Nilimwandikia kwenye karatasi, "Nimwite mdogo wako?" Akaigonga karatasi kwa kidole cha mkono wa kushoto. Akaigonga tena na tena mpaka nikamshika mkono.

Njoo. Kibali kiwepo kisiwepo, njoo, tutajua mpakani. Rangi bado iko kwenye ngazi, nimeikanyaga mara zote nikitoka na kurudi hospitali, nyayo zangu zimejaa kotekote.

Njoo.

Sikio


2 Mei

Sikio,

Hatimaye.

Barua yako imefika jana. Niliisoma nikiwa nimesimama mlangoni, na nakiri mstari wa kwanza ulinikalisha juu ya kiti cha kuvulia viatu. Kwa muda wa kama dakika nzima nilikuwa mtu asiyejua kitu. Kisha nikatazama pembeni juu, upande wa kulia: hakuna nukta. Ndipo nikaanza kucheka peke yangu kama mwehu. Uliahidi utaniotea, ukaniotea.

Hili ndilo bora katika yote uliyoandika. Narudisha karatasi yako ikiwa na alama zangu. "Nilisikia ndoo kwanza" nimeipigia mstari. Ni sentensi ambayo mwandishi mzoefu angeiiba. Kidole cha kushoto, vizuri sana, usikiguse. "Njoo" umeitumia mara tatu. Moja inatosha, ile ya mwisho. Na rangi kwenye ngazi imezidi: aliyepatwa na balaa la kweli haangalii rangi. Hapo nimekukamata. Alama tisa.

Sasa jibu langu, kama kanuni ilivyo. Dada yangu ni mtu, na mtu huanguka. Nilipewa miaka ya utotoni pamoja naye, na hakuna kiharusi kinachoweza kuifuta miaka tuliyokwisha kuiishi. Ugonjwa wake hauko juu yangu. Nimetulia, nakunywa chai.

Nawe nakulipa zoezi lisilo na nukta. Lipokee:

Kibali changu cha kusafiri kimo kwenye droo, chini ya soksi, tangu Novemba mwaka jana. Kina muhuri wa bluu na kinakwisha tarehe kumi na tano Julai. Sikuwahi kuwa mhariri. Kwa miaka ishirini na saba nimesahihisha vile vikaratasi vinavyokunjwa ndani ya maboksi ya dawa: vidonge vingapi, mara ngapi kwa siku, weka mbali na watoto. Mwisho wa zoezi.

Tuone utajibuje kwa utulivu.

Mjomba wako


11 Mei

Mjomba,

Mama amefariki. Tarehe sita, saa tano asubuhi. Amezikwa siku ya pili yake. Barua yako imefika leo.

Haikuwa zoezi. Naandika mara ya pili kwa sababu sijui tena unaamini nini: haikuwa zoezi. Nilisahau kabisa habari za nukta. Nilikuwa naandikia kwenye benchi la hospitali, karatasi iko juu ya goti. Niliahidi nitakuotea, ni kweli niliahidi, na ahadi yenyewe ilinitoka kichwani siku ileile niliyoitia posta. Nani anakumbuka mchezo mama yake akiwa amelala upande mmoja?

Tarehe nne nilimpigia fundi viatu wa chini ya nyumba yako, yule ambaye uliwahi kutupa namba yake. Nilimwambia tu akuulize kama barua imefika. Sikumwambia ni ya nini, sikutaka mambo ya Mama yapite kwa mtu wa dukani, na nilijua wewe unayajua. Akapanda, akashuka, akaniambia, "Ameandika kwenye daftari lake kwamba ameipata, na jibu ameshalituma." Nikamuuliza, "Anaonekanaje?" Akasema, "Anatabasamu, dada. Yuko vizuri tu."

Nikafikiri ndiyo huo utulivu wenu. Nilikuonea wivu, Mjomba. Nikaenda kwa Mama nikamwambia: ameipata, anakuja. Neno "anakuja" niliongeza mimi, wewe hukulisema, hilo nalibeba. Lakini tangu saa ile hakukubali tena kugeuziwa ukutani. Wauguzi wakimgeuza, anatoa ile sauti yake mpaka wamrudishe. Alitaka kulala anatazama mlango. Siku mbili alilala anatazama mlango, na kila aliyeingia, mfagiaji, daktari, mtu wa chakula, alimtazama miguu kwanza, halafu anapanda taratibu mpaka usoni.

Kwa treni ni siku mbili. Barua ilikufikia tarehe mosi. Ungeondoka tarehe mbili, siku uliyokuwa unanipa alama, ungefika tarehe nne. Mngepata siku mbili.

Ninayo hapa karatasi yangu. Kuna mstari mwekundu chini ya ndoo. Kuna duara kwenye kila "njoo", na mbili umezikata. Wino umepita mpaka nyuma ya karatasi. Nimekaa nayo mezani tangu saa nne asubuhi. Kazini wamepiga, sikupokea. Mimi, Sikio, sikupokea.

Nina swali moja, na nataka ulijibu bila Wastoa. Barua yangu ilikuwa ya kweli. Na yako?


20 Mei

Sikio,

Ni kweli. Yote. Kibali, droo, soksi, vikaratasi.

Tarehe hiyo hapo juu nimeiandika mara nne. 

Nilipofungua barua yako nilitazama kwanza pembeni juu. Ujue hilo. Hata hapo nilitafuta nukta, nikatumaini iko, nikaishika karatasi kwenye mwanga wa dirisha nikitafuta hata doa. Kisha nikashuka kwa fundi viatu nikampa aisome, kwa sababu sikuyaamini macho yangu. Alisoma polepole. Akaweka nyundo chini. Akachukua daftari langu akaandika, "Mzee, ulikuwa hujui?" Akasoma alichoandika, akakata, akaandika, "Nilimwambia unatabasamu." Alikaa akiitazama sentensi hiyo, naye ni mtu asiye na hatia yoyote.

Umesema nisikuletee Wastoa. Sikuletei. Lakini siwezi kuwasingizia pia. Walisema mtu ajiandae ili balaa likibisha aweze kufungua mlango. Mimi nilijiandaa ili nisilazimike kufungua. Lilipobisha, nikalipa alama tisa.

Nakuambia kwa nini kibali kililala kwenye droo. Siku ile ya lori la kuvuka mpaka nafasi ilikuwa moja. Dada ndiye mkubwa, ilikuwa yake. Alinisukuma mgongoni, akasema, "Panda wewe, una kichwa." Hakusema kingine. Lori likaondoka nikiwa nimeshika ubao, yeye anapungua, anapungua. Barua yangu ya kwanza ilisema nimepata kazi kwenye nyumba ya uchapaji, na ilikuwa kweli. Ya mwaka wa tano ilisema mimi ni mhariri. Ya mwaka wa kumi na mbili ikanipandisha cheo, nikawa mhariri mkuu, na nadhani hata sherehe ndogo niliieleza. Kumbe nilikuwa pale pale, chumba cha chini, kando ya mtambo wa kukunjia, nasoma "usimeze bila maji." Nilikuwa hodari. Hakikupita kikaratasi chenye dozi mbaya. Lakini hiyo siyo kazi ya mtu kuachiwa nafasi kwenye lori.

Nikija, angeniona. Angeniuliza vitabu vyangu viko wapi, na mimi si mwepesi wa kusema uongo uso kwa uso. Uongo wangu wote ni wa maandishi. Kwa hiyo kila asubuhi nilifungua droo, nikachukua soksi, nikajiambia kwamba mambo ya kibali hayako juu yangu. Nilikufundisha usiogope mawazo ya watu laki moja usiowajua. Mimi niliogopa ya mtu mmoja.

Alilala akitazama mlango. Nimejaribu kuiwaza picha hiyo kwa namna yoyote itakayonipa utulivu. Hakuna. Nimeshindwa, na nafurahi kushindwa, kama neno kufurahi lina kazi hapa.

Kibali kina wiki nane. Sijui kama kuja kwangu sasa ni heshima au ni tusi. Nakuuliza wewe. Nije?

Mjomba wako


30 Mei

Mjomba,

Nilikuwa sitaki kukujibu. Nakujibu kwa sababu ya kitu nilichokipata Jumapili.

Kabatini kwa Mama kulikuwa na bahasha kubwa ya eksirei, ile ya mguu wake wa zamani. Nilidhani ni picha ya mfupa. Nikaimwaga kitandani, kitanda kile kirefu. Ni vikaratasi vya dawa, Mjomba. Vimenyooshwa kwa pasi na kupangwa kwa miaka. Dawa za kikohozi nilizokunywa mimi nikiwa darasa la pili. Dawa za presha zake. Dawa za watu wengine pia, maana nakumbuka alikuwa anawaomba majirani, "Hilo boksi usitupe, nipe karatasi yake." Tulidhani ni uzee.

Kile cha zamani kuliko vyote ameandika nyuma kwa penseli: "Mgeni aliyetoka huko ameniambia leo mdogo wangu ndiye anayezisoma hizi kabla hazijachapwa. Nimeisoma yote. Hakuna kosa." Kina miaka ishirini na minne. Vyote vilivyofuata vina maneno mawili tu, kona ya chini: "Hakuna kosa." Nimevihesabu, ni mia moja na kumi na tatu.

Alijua. Barua ya mhariri mkuu alipoipokea alikuwa tayari anajua kwa miaka mitano. Na bado aliwaambia watu wote wewe ni mhariri mkuu, aliniambia mimi, hakuniminyia hata jicho. Kwa nini hakukuandikia tu kwamba anajua? Hilo sina wa kumuuliza. Nadhani alikuwa anangoja umwambie mwenyewe, ukiwa umekaa kwenye kile chumba. Nadhani ndilo lililokuwa zoezi la kufika.

Nilipogundua nilikasirika upya, nikawakasirikia wote wawili. Miaka ishirini na minne mnafichana kitu ambacho nyote mnakijua, kwa adabu kabisa, huku mimi naandika barua za kiti chenye gurudumu.

Unauliza uje. Nimeligawa kama ulivyonifundisha. Kusamehe kuko juu yangu, na bado sijafika huko, wala usinisukume. Kuja kuko juu yako. Usinipe mimi nikubebee.

Nimerudi kazini. Yule mzee amepiga, maji yamerudi. Kaniuliza mbona sauti yangu leo iko mbali. Nikamwambia nimefiwa na mama. Akasema, "Nakusikia." Nimevua spika nikaziweka mezani, na msimamizi hajaandika onyo lolote.

Chumba kimebaki ukuta mmoja. Rangi kwenye ngazi haijatoka.

Sikio


11 Juni, saa tisa mchana, mlangoni kwako

Sikio,

Nimefika. Nimegonga mara tatu. Kama umejibu, sikusikia. Kama umesema niondoke, hilo pia sikusikia, na sitaki kudai kwamba nimelisikia wala kwamba hukulisema. Naisukuma karatasi hii chini ya mlango kwa sababu ndiyo njia pekee ninayoijua ya kuongea na mtu, na nimeona imetufikisha wapi.

Nina begi moja na brashi pana niliyoinunua stesheni. Nimefupika, kitanda kitanizidi.

Nyayo zako kwenye ngazi nimezihesabu nikipanda. Nilikuandikia kwamba rangi imezidi, kwamba aliyepatwa na balaa haangalii rangi. Nimeitazama ngazi ile kwa saa nzima kabla ya kuja kugonga. Ilikuwa sahihi. Kila neno katika barua ile lilikuwa sahihi, na "njoo" zote tatu zilikuwa na kazi.

Sitagonga tena, maana sitajua kama umechoka kunisikia. Nashuka kukaa ngazi ya tatu kutoka chini. Ukitoka, nitakuona miguu kwanza.

Pembeni juu hakuna kitu. Tazama.

Mjomba wako,
msahihishaji wa vikaratasi vya dawa